POSHO ISIIJAZE SAHANI YOTE

Wahenga walinena: njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Askari yeyote aliyepanda milima ya Rwenzori akiwa na mzigo mgongoni anaijua vema sehemu ya kwanza ya methali hiyo. Sehemu ya pili ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, kwa sababu haizungumzwi sana kambini. Njaa humwangusha mtu kwa siku moja, na kila mmoja huiona. Shibe mbaya humwangusha kwa miaka 20, polepole, hata akaja kushtuka akiambiwa na daktari kwamba damu yake imejaa sukari, macho yake yamepungua nuru, na kidonda kidogo cha mguuni hakikubali kupona.

Tunawaandikia askari wa jeshi na polisi walioko Kasese na Bwera, pamoja na wake, waume na watoto wanaokula nao chungu kimoja. Jambo tunalosema ni jepesi kulitaja, wala si jepesi kulitenda: wanga umezidi sana katika sahani zetu, nao hauna budi kupunguzwa kwa kila mtu ambaye kazi yake ya sasa si ya kutembea na kubeba. Na twasema zaidi kwamba katika nchi hii iliyo kati ya milima na maziwa mawili, kuupunguza si kujinyima. Ni kula vizuri zaidi.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Posho, katika Kiswahili cha asili, ni sehemu ya chakula ambayo mpagazi, kibarua au askari alipimiwa kwa siku au kwa juma. Katika zama za utawala wa Waingereza, askari wa King's African Rifles na vibarua wengi walipimiwa unga wa mahindi, kwa kuwa ulikuwa rahisi kubebeka, haukuoza upesi na bei yake ilikuwa ndogo. Hatimaye hapa Uganda jina la kipimo likawa jina la chakula chenyewe, na leo mtu akitaja posho hakuna afikiriye kitu kingine isipokuwa ugali mweupe wa mahindi. Yafaa tukumbuke kwamba mahindi na muhogo, vyote viwili, asili yao ni bara la Amerika. Mababu wa kale wa nchi hii waliishi kwa ulezi, viazi vikuu, ndizi, mboga za majani, samaki na maziwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kupunguza posho au obundu ni kuacha mila. Hiyo ni desturi iliyokuja, na desturi iliyokuja yaweza kurekebishwa.

Posho ile ilipimiwa mtu atembeaye. Aliyetoka asubuhi na mzigo, akavuka mito na kurudi jioni, aliuchoma wanga wote mwilini kama moto unavyochoma kuni kavu. Hata leo wako askari wa namna hiyo. Tangu majeshi ya Uganda na ya Kongo yalipoanza Operesheni Shujaa mwezi Novemba 2021 ng'ambo ya mpaka, wako walioijua njia ya msituni kwa nyayo zao wenyewe. Askari wa namna hiyo hatumwambii apunguze chakula chake. Mwili unaofanya kazi ngumu wahitaji wanga, na kumnyima ni kumdhoofisha.

Lakini tuhesabu wengine. Yuko anayekaa kizuizini barabarani kule Kikorongo kutwa nzima. Yuko anayeandika maelezo ya mashtaka katika kituo cha polisi cha Bwera. Yuko dereva, yuko karani, yuko mlinzi wa ghala, yuko mstaafu aliyejenga nyumba yake karibu na Mpondwe. Hao wote wanakula mlima uleule wa posho waliokuwa wakila walipokuwa kuruta wa miaka 20, ilhali miguu yao haiendi tena mahali popote. Hapo ndipo penye hatari.

Tueleze kwa ufupi jinsi hatari hiyo inavyofanya kazi. Gramu 100 za unga mweupe wa mahindi zina wanga wa karibu gramu 75 hadi 80, na protini gramu 7 au 8 hivi. Unga wa muhogo una wanga zaidi ya gramu 80, na protini yake ni gramu 1 au 2 tu. Wanga huo ukifika tumboni hugeuzwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini ili kuisukuma sukari hiyo iingie katika misuli na ini. Misuli ikiwa kazini huipokea. Misuli ikiwa imekaa kitako, sukari nyingi hugeuzwa mafuta, kiuno hupanuka, na mwili huanza kuwa mkaidi kwa insulini yake wenyewe. Hapo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kila mwaka, mpaka lichoke. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Mtu akiongeza chupa moja ya soda ya mililita 300, yenye sukari ya vijiko vya chai 7 au 8, na chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama, anauongezea mzigo mnyama ambaye tayari amepiga magoti.

Habari hizi zina mizizi hapa hapa Uganda. Daktari Hugh Trowell, aliyefika nchini katika miaka ya 1930 na kufanya kazi Mulago kwa zaidi ya miaka 20, alishuhudia kwamba katika miaka yake ya mwanzo kisukari na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa haba mno miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja wa Afrika Mashariki aliyeugua mishipa ya moyo. Jambo hilo lilikuwa geni kiasi cha kustahili kuchapishwa katika jarida la madaktari. Mwaka 1975 Trowell na Denis Burkitt, daktari mpasuaji ambaye naye alifanya kazi Uganda, walitoa kitabu kizima kuhusu wanga uliokobolewa na maradhi yanayofuatana nao.

Msomaji makini atauliza: mbona Waganda wa zama hizo walikula ndizi, viazi na ulezi, yaani wanga mtupu, na hawakuugua? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu. Watu wale walilima kwa jembe na kutembea kwa miguu. Chakula chao hakikukobolewa, kilikuwa na makapi na nyuzinyuzi zinazoufanya wanga usagike polepole. Soda na keki hazikuwa katika maisha yao. Sisi tumeushika wanga wao, tukautoa makapi, tukauongezea sukari, tukaketi. Basi tusishangae.

Ulimwenguni nako shauri hili si geni. Mwaka 1863 William Banting, mwenye kazi ya kuandaa maziko mjini London, alichapisha kijitabu kueleza jinsi alivyopunguza unene wake kwa shauri la daktari, akiacha mkate, sukari, bia na viazi. Kabla ya insulini kuanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1922, kupunguza wanga ndiyo silaha kubwa waliyokuwa nayo madaktari dhidi ya kisukari. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili wanaopunguza wanga hushusha sukari ya damu na uzito, hasa katika miezi 6 ya kwanza. Baada ya mwaka faida hiyo hupungua, na sababu moja kubwa ni kwamba wengi hurudia mlo wao wa zamani.

Wanarudia kwa nini? Kwa sababu walipewa chakula kisicho na ladha. Walipewa kabichi ya maji na samaki wa kuchemsha bila kitunguu, wakaambiwa hiyo ndiyo afya. Mtu hukaa katika lindo la namna hiyo kwa juma moja, kisha hutoroka. Kwa hiyo shauri lolote la afya lisiloingia jikoni ni maneno matupu. Nasi twaingia jikoni.

Kasese na Bwera zimejaliwa. Ziwa George lina samaki wa Hamukungu na Kahendero, na Ziwa Edward lina samaki wa Katwe na Kayanzi. Ngege, kambare, mamba na semutundu huuzwa wabichi na wa kukaushwa kwa moshi. Mlimani hushuka kabichi, vitunguu, nyanya, karoti na parachichi. Soko la Mpondwe hupokea mawese kutoka Kongo. Dodo, yaani mchicha, huota karibu kila ua. Samaki hana wanga kabisa, na katika kila gramu 100 za mnofu wake kuna protini ya karibu gramu 20. Parachichi lina wanga kidogo mno, na sehemu kubwa ya wanga huo ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari.

Chakula cha kwanza ni ngege wa jani la mgomba. Samaki aparuliwe, atolewe matumbo na kuoshwa, kisha achanjwe mbavuni mara tatu kila upande. Apakwe chumvi kidogo, maji ya ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa. Jani la mgomba lipitishwe juu ya moto mpaka lilainike lisipasuke. Juu yake vitandazwe vitunguu na nyanya vilivyokatwa, alazwe samaki, afunikwe tena kwa nyanya na pilipili, kisha lifungwe. Chini ya sufuria viwekwe vipande vya uti wa jani la mgomba pamoja na maji kidogo, ili samaki apikwe kwa mvuke muda wa dakika 40 hivi. Anatoka na mchuzi wake mwenyewe, bila tone la mafuta ya kukaangia.

Cha pili ni sombe, chakula ambacho Wakonzo hawahitaji kufundishwa. Majani machanga ya muhogo hutwangwa kinuni pamoja na kitunguu na pilipili hoho. Yachemshwe kwa maji mengi bila kufunikwa, kwa muda usiopungua saa moja, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vema. Hapo usiwe na haraka. Yakiiva, tia samaki wa moshi aliyeoshwa kwa maji moto na kutolewa miiba, na vijiko viwili vya mawese. Acha vikolee pamoja. Muhogo uleule ambao mzizi wake ni wanga, majani yake ni mboga yenye protini na nyuzinyuzi. Anayekula sombe nyingi na obundu kidogo bado anakula muhogo, ila ameugeuza juu chini.

Cha tatu ni samaki wa moshi katika mchuzi wa karanga. Unga wa karanga ukorogwe kwanza katika maji baridi, kisha ubandikwe juu ya moto mdogo na kukorogwa mara kwa mara mpaka uwe mzito na mafuta yaanze kuonekana juu. Tia nyanya, kitunguu na minofu ya samaki, na mwishoni konzi mbili za dodo. Tahadhari moja: karanga zenye ukungu zitupwe. Sumu ya ukungu huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi.

Cha nne ni kwa ajili ya yule asiyeweza kuliona bakuli la maharagwe bila kitu cheupe pembeni. Kabichi ikatwe nyembamba kama nyuzi, ikaangwe dakika 5 tu kwa kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, karoti na binzari, kisha maharagwe yamwagwe juu yake. Maharagwe yenyewe yana wanga, lakini yana protini na nyuzinyuzi nyingi, na hayapandishi sukari kwa kasi ya posho. Chukua posho ya ukubwa wa ngumi moja uweke kando. Mtu hushiba, na saa nane mchana hasinzii juu ya bunduki yake.

Asubuhi nako pana la kusema. Ile chapati iliyofungiwa mayai, ambayo kila askari huiita rolex, ina kitu kizuri ndani na kitu kingine nje. Mwambie mpishi akukaangie mayai mawili na nyanya, kitunguu na dodo, au uyoga msimu wake ukifika, uile bila chapati pamoja na nusu ya parachichi. Chai iwe na tangawizi au mchaichai, sukari ipungue kijiko kimoja kila juma mpaka ulimi uzoee. Kidogo kidogo hujaza kibaba, na kidogo kidogo hukipunguza.

Kipimo cha sahani ni hiki: nusu yake mboga za majani, robo samaki, nyama, mayai au maharagwe, na robo iliyobaki posho, ndizi au muhogo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kuhusu chumvi ya Katwe, tunaiheshimu kama mali ya kale ya nchi hii, lakini ile ya mawe itokayo ziwani moja kwa moja haikutiwa madini joto. Chumvi ya kila siku ya nyumbani iwe ile iliyotiwa.

Tunatoa maonyo mawili ambayo msomaji asiyapite upesi. La kwanza: mtu anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze wanga ghafla kabla ya kuonana na daktari. Dawa iliyopimwa kwa sahani kubwa ya posho ikikuta sahani ndogo huweza kuishusha sukari kupita kiasi, mtu akatoka jasho, akatetemeka na hata kuzirai. Bwera iko hospitali, Kagando iko hospitali. Aende akapimwe na dozi yake irekebishwe. Mwenye ugonjwa wa figo, mama mjamzito na mtoto anayekua nao wapate shauri lao wenyewe. La pili: nyama inunuliwe buchani, si ya mnyama wa hifadhi ya Queen Elizabeth, na samaki wachanga wasinunuliwe. Askari ndiye mlinzi wa sheria hizo, na chungu chake hakiwezi kuwa cha kwanza kuzivunja.

Liko neno la upinzani tunalolitarajia: samaki ni ghali, posho ni rahisi. Ni kweli kwamba kilo ya unga hujaza matumbo mengi kuliko kilo ya ngege. Lakini hatusemi ngege kila siku. Dagaa wakavu, mayai, maharagwe, karanga na sombe viko karibu na uwezo wa koplo. Dodo iliyopandwa nyuma ya nyumba huchumwa baada ya wiki 4 hadi 6, na mbegu yake ni ya bei ndogo. Fedha ya soda moja kila siku, ikiwekwa kwa mwezi mzima, hununua trei za mayai. Na hesabu ya mwisho ni ya hospitali: dawa za kisukari ni za maisha, na mguu uliokatwa haununuliwi sokoni.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa kambi na vituo watazame upya jinsi chakula cha pamoja kinavyonunuliwa na kupakuliwa. Askari anayerudi doria apakuliwe kama mtu wa doria, na anayekaa ofisini kama mtu wa ofisini. Kila kambi iwe na bustani ya mboga, ambayo haihitaji amri ya makao makuu, jembe tu. Wenye kantini waweke karanga, mayai ya kuchemsha na maji safi mahali palipojaa soda na mandazi. Kamati za wake wa askari zifundishane mapishi haya, maana anayeshika mwiko ndiye anayeshika afya ya nyumba. Na kila aliyepita umri wa miaka 40, au ambaye mkanda wa sare umemhamisha tundu, akapimwe sukari na shinikizo la damu kabla ya mwaka kwisha.

Askari hufundishwa kusafisha silaha yake hata siku ambayo haikufyatuliwa, kwa sababu kutu haingoji vita. Mwili nao una kutu yake. Taifa lilimgharimia askari mafunzo, likampa sare na kiapo. Ni hasara kubwa akinusurika risasi msituni, kisha akaangushwa na sahani nyumbani kwake. Jioni ya leo, ndugu askari, posho na iwe ngumi moja, na nafasi iliyobaki ijazwe na kile ambacho milima na maziwa ya Kasese vimekuwekea.